Mbegu ya Ruzuku kwa Ng'ombe wa Maziwa: Bei Nzuri, Lakini Joto Halingoji

Mbegu ya dume tunayouziwa kwa bei ya ruzuku ni nzuri, sina neno nayo. Mitamba waliotokana nayo wako zizini mwangu, na yeyote anayepita njia ya Njoro kwenda Molo, hapa Nakuru, anaweza kuingia akawatazama. Lakini mfugaji akiniuliza kama ajiandikishe kwenye mpango huu wa ruzuku, namjibu hivi: jiandikishe leo, weka namba ya daktari mahali ambapo hata watoto wanaweza kuipata, halafu uwe na shilingi 1,500 kando kwa siku ambayo daktari wa ruzuku hatapatikana. Siku hiyo itafika.

Nafuga ng'ombe wa maziwa, si wengi, na maziwa ndiyo yanayolipa karo na kila kitu kingine hapa nyumbani. Mbegu ya ruzuku tunaipata kupitia chama chetu cha ushirika. Sitakitaja jina, maana bado ni chama changu na nakitakia mema. Serikali inabeba sehemu ya gharama, mfugaji analipa iliyobaki kwa M-Pesa. Kwetu mfugaji hulipa shilingi 500 kwa kila ng'ombe anayepandishwa. Mtu wa AI (kupandisha ng'ombe kwa mkono, bila dume) wa kujitegemea, akija na mbegu ya hapa nchini, ananiitisha 1,500. Akija na mbegu ya kutoka nje, mazungumzo yanaanzia 3,000, na ile ya kuzaa majike pekee nimetajiwa hadi 7,000. Kwa hiyo tofauti si ndogo. Kwa mama anayeuza lita sita kwa siku, hiyo elfu moja anayookoa ni unga wa ng'ombe wa siku kadhaa.

Nianze na uzuri, kwa sababu upo. Zawadi, ng'ombe wangu wa kwanza, alikuwa mchanganyiko ambao hakuna aliyejua baba yake. Siku aliyokamuliwa vizuri kabisa alitoa lita tisa. Nilimpandisha kwa mbegu ya ruzuku ya Ayrshire, kabila la ng'ombe wa maziwa, akazaa jike. Jike huyo, Wema, katika uzazi wake wa kwanza amefika lita kumi na tano, kwa lishe ile ile ya nepia, nyasi ya Boma Rhodes na unga kidogo wakati wa kukamua. Sikumlisha kitu cha ajabu. Damu ndiyo iliyobadilika. Kwa shilingi 500, sijui kitu kingine kwenye shamba langu kilichowahi kuniletea faida kama hiyo, na mbolea naihesabu humo.

Mbegu hiyo ya hapa nchini hutoka Kabete, kwenye kituo cha serikali ambacho wengi wanakijua kwa herufi zake, KAGRC. Kituo kilianzishwa mwaka 1946, wakati kazi hii ilikuwa ya mashamba ya walowezi. Baada ya uhuru, mwaka 1966, serikali ikaunda huduma ya kitaifa ya kupandisha ng'ombe kwa AI ili mfugaji mdogo naye afikiwe. Waliokuwa wafugaji miaka ya sabini hawasahau gari lile. Lilikuwa na njia yake na saa zake. Marehemu baba alikuwa anampeleka ng'ombe kwenye krashi ya mbao (kizuizi cha kumshikia ng'ombe) kando ya barabara, anamfunga, anangoja, na gari linapita. Mfugaji alilipa kitu kidogo sana, sehemu kubwa ilibebwa na serikali. Kuanzia mwisho wa miaka ya themanini serikali ikaanza kujiondoa, na kwenye miaka ya tisini kazi ikaachiwa watu binafsi. Bei ikapanda, gari likakoma kuja, na krashi nyingi zikaoza pale pale barabarani au mbao zikageuzwa kuni. Wafugaji wakarudi kwa dume la jirani. Mbegu mbovu tuliyonayo vijijini leo ilitokana na miaka ile.

Nayasema haya kwa sababu ruzuku ya leo imerudisha bei ya zamani lakini haijalirudisha gari. Hapo ndipo malalamiko yangu yalipo.

Kwanza nieleze kazi ikifanywa sawasawa, maana wengi wetu hulipa na kugeuka kwenda jikoni bila kutazama. Kijana anayetuhudumia ni fundi kwelikweli. Anakuja kwa bodaboda, mtungi wa nitrojeni unaohifadhi mbegu ikiwa imeganda umefungwa kwa mpira nyuma yake. Kabla hajagusa kitu ananiuliza:

"Mama, ulimwona lini akisimama kupandwa?"

"Jana jioni, saa kumi na mbili, tukimaliza kukamua."

"Sawa. Tuko ndani ya wakati."

Swali lake halikuwa "ameanza kulia lini" wala "ute umetoka lini". Ng'ombe anaweza kuhangaika, kulia, kukojoa ovyo na kupanda wenzake mapema, lakini ishara ya kutegemea ni yeye mwenyewe kusimama tuli wenzake wakimpanda. Joto lenyewe, yaani muda ambao ng'ombe anakubali kupandwa, hudumu kama saa kumi na mbili hadi kumi na nane, na yai hutoka joto likishapita. Ndiyo maana wanatufundisha kwamba aliyeonekana asubuhi apandishwe jioni, na aliyeonekana jioni apandishwe asubuhi inayofuata. Dirisha hilo likifungwa, unangoja wastani wa siku 21.

Halafu anafungua mtungi. Mvuke mweupe unamwagika ukingoni kama moshi, kwa kuwa nitrojeni ya maji iko nyuzi 196 chini ya sifuri. Hakitoi kikombe chenye mirija ya mbegu nje ya shingo ya mtungi, anakipandisha tu hadi anapoweza kuchukua mrija mmoja kwa koleo, kisha anakirudisha chini upesi, kwa sababu mirija inayobaki ikipata joto hata kidogo inaharibika na hutajua mpaka ng'ombe warudie joto. Mrija unaingia kwenye chupa ya chai yenye maji ya uvuguvugu, nyuzi 35 hadi 37, naye anapima kwa kipimajoto, hapimi kwa kidole. Anahesabu sekunde kimya kimya. Anautoa, anaupangusa mpaka ukauke kabisa, kwa sababu tone la maji likigusa mbegu linaiua. Kabla ya kuukata ananiinulia nisome maandishi: kabila la ng'ombe, jina na namba ya dume. Nayaandika kwenye daftari langu pamoja na tarehe. Kisha anaukata, anautia kwenye bunduki yake ya kupandishia, na bunduki anaichomeka ndani ya shati iguse mwili. Asubuhi za huku kwetu zina baridi kali, na mbegu iliyokwisha kuyeyushwa haitakiwi kupoa tena. Hapo ndipo anavaa glavu ndefu.

Nikiona kazi ya namna hiyo nalipa kwa moyo mweupe. Kijana huyu alisomea mambo ya mifugo, ana leseni ya Bodi ya Madaktari wa Mifugo ya Kenya na huwa hakasiriki ukimwomba akuonyeshe. Wako wengine wanaozunguka vijijini na mtungi usio na nitrojeni ya kutosha, hawana karatasi yoyote, na wanauza maji. Kwenye jambo hili mpango wa ruzuku umetusaidia sana, maana anayekuja amepitishwa na mtu.

Sasa kasoro. Jioni moja ya Jumamosi Wema alisimama kupandwa. Niliwaona mwenyewe, yeye na mtamba wa jirani, kwenye uzio. Alitakiwa kupandishwa Jumapili asubuhi. Nilipiga simu ya chama, haikushikwa. Nikampigia daktari, kijana yule yule, akashika papo hapo na kunieleza bila kuficha kwamba mtungi wa mpango hulala stoo ya ofisi kuanzia Jumamosi mchana na mwenye ufunguo amesafiri. Yeye mwenyewe alikuwa kwake, bodaboda iko nje, leseni iko mfukoni, na hakuwa na mbegu. Alikuja Jumatatu karibu adhuhuri. Alimpima, akatoa mkono, akaniambia, "Mama, tumechelewa. Nitaiweka ukitaka, lakini mimi sina imani nayo." Tuliiweka. Siku ya pili nikaona alama ya damu kwenye mkia, ishara kwamba joto lilishapita. Wiki tatu baadaye Wema akarudi joto, na akapandishwa tena.

Hebu tazama jinsi jambo hili linavyoandikwa. Kwenye karatasi za mpango, Wema amehudumiwa. Aliporudia, akahudumiwa tena. Mirija miwili imetolewa, ruzuku mbili zimelipwa, na kwenye ripoti hiyo inahesabiwa kuwa kazi maradufu. Zizini kwangu ilikuwa hasara. Mpango unaohesabu mirija utaona fahari kwa kila ng'ombe anayerudia joto.

Na hasara yenyewe tuipige hesabu. Ng'ombe anayengoja joto lingine anakula. Kwa bei za huku kwetu, nyasi na unga havipungui shilingi 200 kwa siku hata ukibana. Siku 21 ni shilingi 4,200. Ruzuku ilikuwa imeniokolea 1,000. Hapo sijagusa maziwa. Serikali ilitangaza kwamba New KCC, kampuni yake ya maziwa, italipa shilingi 50 kwa lita kuanzia Machi 2024, na ng'ombe wa lita kumi kwa siku akichelewa kuzaa kwa siku 21, ni lita 210, yaani shilingi 10,500 zimesukumwa mbele. Anayenipunguzia bei ya mrija halafu akachelewa siku moja amenigharimu zaidi ya yule anayeniuzia kwa bei kamili na kufika kwa wakati. Niliwahi kuyasema haya kwenye mkutano wa chama na mzee mmoja wa kamati akanijibu kwamba mfugaji hatosheki. Nilimheshimu kwa umri wake, lakini nilimwomba aipige hesabu hiyo kwa ng'ombe wake mwenyewe.

Watu hulinganisha ruzuku hii na ile ya mbolea, na naona hapo ndipo wapangaji wanapokosea. Mfuko wa kilo 50 ulishushwa hadi 3,500 mwaka 2022, kisha 2,500 mwaka 2023, na pamoja na foleni na usumbufu wote tulioupata, mfuko ukichelewa wiki moja bado ni mbolea. Unaweza kuulaza ghalani. Joto la ng'ombe halilazwi popote. Huduma inayotegemea saa huwezi kuipanga kwa ratiba ya ofisi inayofungwa Jumamosi mchana.

Jambo la pili ni mafuta ya pikipiki. Zile 500 hazina nauli ndani yake, au kama zimo basi hazimfikii kijana. Kwa hiyo anayekaa mbali na lami anaombwa "kitu kidogo cha mafuta", 200 au 300, na wakati wa mvua barabara za huku zikigeuka matope, zaidi. Simlaumu kijana. Petroli haimo kwenye ruzuku hii, na hawezi kuvuka mabonde kila alfajiri kwa hasara yake mwenyewe. Lakini mfugaji aliyeambiwa 500 akatoa 800 anajiona ametapeliwa, na lawama zinamwangukia mtu asiyestahili. Ingekuwa afadhali waandike bei kamili hadharani, hata iwe 800, kila mtu ajue.

La tatu ni uchaguzi wa mbegu. Mara nyingi mtungini kuna Friesian tu. Friesian ni ng'ombe mzuri kwa mwenye malisho mengi na maji ya kutosha. Ukimpandisha mtamba mdogo wa mchanganyiko kwa dume kubwa la Friesian unajitafutia usiku mgumu wa kuvuta ndama kwa kamba. Kwa mitamba wadogo nataka Jersey, na kwa huku juu napenda Ayrshire kwa miguu yake na uvumilivu wake. Nikiuliza naambiwa Friesian ndiyo inayoombwa na wengi. Ni kweli, inaombwa na wengi kwa sababu watu wanaona rangi nyeusi na nyeupe wanaona maziwa. Hapo chama kingefaa kuelimisha, si kufuata.

Mbegu ya kuzaa majike pekee ilipoanza kuzungumzwa, wanachama wengi waliichangamkia, nami nikiwemo. Inatoa jike kwa karibu asilimia 90, na hilo kwa mfugaji wa maziwa ni jambo kubwa, maana ndama dume kwetu huuzwa mapema kwa bei ya kusikitisha. Lakini uwezo wake wa kushika mimba ni mdogo kuliko wa mbegu ya kawaida. Inataka mtamba mwenye afya, aliyefikisha uzito, na mtu anayefika kwa saa yake. Kuipeleka kwa mpango unaolala Jumapili ni kutupa pesa. Nikiletewa kwa ruzuku kesho nitaitumia kwa mitamba tu, siku za kazi tu.

Najua kwa nini jirani yangu hajaacha dume lake. Dume liko pale, halina simu ya kuzimwa, halingoji ufunguo, na linajua saa ya joto kuliko daktari yeyote. Tumebishana naye mara nyingi kwa amani. Namwambia kuhusu magonjwa ya uzazi yanayotoka kwa ng'ombe mmoja hadi mwingine kupitia dume la kijiji, brusela ikiwemo, ambayo inaingia hadi kwa binadamu kupitia maziwa mabichi. Namwambia pia kwamba dume lile sasa linapanda binti zake. Anasikiliza, anakubali, halafu ng'ombe wake anaingia joto Jumapili na sote tunajua kitakachofuata. Siwezi kumshinda kwa maneno wakati huduma yetu yenyewe haifiki.

Dada yangu ameolewa Vihiga. Kule shamba ni nusu ekari, ng'ombe ni mmoja, anakaa zizini mwaka mzima na kukatiwa nyasi. Ng'ombe huyo hana mwenzake wa kumpanda, kwa hiyo ishara ya kusimama haipo. Ni lazima dada asome ute, kelele na kupungua kwa maziwa, na mara nyingi anagundua joto likiwa limefika nusu. Muda uliobaki wa kumwita mtu ni mfupi kuliko wangu, na mtu akija anakuja kwa ng'ombe mmoja, njia nzima ya milima na mawe. Ng'ombe huyo mmoja akikosa, nyumba yote inanunua maziwa ya pakiti. Mpango unaosema bei ni sawa kwa wote haujafikiria mtu wa ng'ombe mmoja, na hao ndio wengi upande wa magharibi.

Ninachotaka ni kwamba ruzuku ilipwe kwa kila mimba. Daktari apewe kiasi akimhudumia ng'ombe, kwa sababu ametumia mrija, nitrojeni na mafuta, halafu apewe kilichobaki, tena kiwe kikubwa, akirudi baada ya siku 60 akampima na kumkuta ana mimba. Kupima kwa mkono kwa wakati huo ni jambo la dakika chache kwa mtu aliyefundishwa. Ukifanya hivyo, daktari mwenyewe ndiye atakayegombania ufunguo wa stoo siku ya Jumamosi. Ndiye atakayekataa kuweka mrija kwa ng'ombe aliyechelewa, na kukuambia ng'ombe wako amekonda, mpe madini na lishe kwanza. Leo hana sababu ya kukuambia, kwa kuwa analipwa sawa sawa ng'ombe ashike au asishike.

Najua pingamizi: mimba inategemea pia mfugaji. Ng'ombe mwenye njaa hashiki hata aje daktari gani. Ndiyo maana nasema kiasi kilipwe mapema, daktari asibebe uzembe wa watu wote. Na wanaosema serikali haiwezi kufuatilia jambo la namna hiyo, nawaelekeza kaskazini. Mwaka 2015, kuanzia Turkana na Wajir, serikali ilianza kuwalipia wafugaji ada ya bima ya mifugo, na malipo yalitolewa setilaiti zikionyesha malisho yamekauka, bila mtu kuzunguka kuhesabu mizoga. Kama tunaweza kupima ukijani wa nyika kutoka angani na kumtumia mfugaji pesa, tunaweza kumpima ng'ombe wa Njoro mimba na kumtumia daktari pesa.

Wakati tunangoja hilo, haya ndiyo ninayofanya na ninayowashauri wanaojiandikisha. Tazama ng'ombe wako alfajiri na jioni kabla ya kulala, si wakati wa kukamua tu, maana wengi husimama kupandwa usiku na mapema asubuhi. Ukiona ishara, piga simu saa ile ile hata kama bado ni mapema, daktari apange njia yake. Omba leseni mara ya kwanza, hakuna aibu. Usikubali mrija ukatwe kabla hujasoma jina la dume, na uliandike, kwa sababu miaka miwili baadaye utahitaji kujua usimpandishe binti kwa baba yake. Weka alama kwenye kalenda siku ya 21 na umtazame sana kuanzia siku ya 18. Akipita bila kurudia, bado mpime baada ya siku 60. Wako wanaonyamaza bila mimba, na ukigundua baada ya miezi mitano umelisha bure.

Kwa mbegu nawapa nyota tano. Kwa kijana anayekuja, tano pia, na ningempa sita. Kwa mpangilio wa ofisi nawapa mbili, na nitaongeza siku mtungi utakapolala nyumbani kwa daktari badala ya stoo.

Wema sasa ana mimba iliyothibitishwa, ile ya mara ya pili. Mdogo wake anakaribia uzito wa kupandishwa, na nimeshauliza kama kuna Jersey. Nimeambiwa kuna mirija michache inakuja mwisho wa mwezi. Nimeweka jina, na zile 1,500 ziko kwenye simu.